Skauti Dedan na Ardhi Nyeupe

Kuhusu Dedan Githinji, Wakenya wa Doha walikuwa na habari mbili, moja ya shujaa na moja ya mwongo, na kila mtu alishika yake kama anavyoshika timu ya mpira: hakuuliza ushahidi, aliangalia tu anakaa na nani. Jeptoo hakuwa ameshika yoyote. Alikuwa muuguzi, na muuguzi husikia habari mbili za kila jambo, ya mgonjwa na ya jamaa zake, kisha hupima joto mwenyewe.

Lakini Ijumaa moja ya mwezi wa Mei, mwaka 2014, alisimama mbele ya duka la kujazia matairi upepo, kusini mwa Mesaieed, pale lami inapokoma na mchanga kuanza, akaona kwamba siku hiyo atashika moja apende asipende. Mumewe, Collins, aliingia katika mchanga ule asubuhi akiwa peke yake. Sasa jua lilikuwa limepita utosini, vumbi limeifanya mbingu kuwa rangi ya chai ya maziwa, na simu ya Collins haikupatikana.

Polisi alishawapigia, kabla hata ya kumpigia mtu wa kwao. Walimuuliza kwa upole swali ambalo hakuwa na jibu lake: aliingilia wapi? Ndege ya kutafutia watu isingeruka katika vumbi lile. Gari la doria lilikuwa limeshika njia ya ufukweni, kwa kuwa huko ndiko wanakokwama wengi. Jeptoo aliwashukuru. Alikuwa amefanya kazi ya wodi ya dharura viangazi kadhaa, na alijua mtu aliyepigwa na joto huwaje akiletwa mapema, na huwaje akiletwa jioni.

Mchanga ule una sheria moja ambayo hata wavunja sheria huiheshimu: gari haliingii peke yake. Moja likizama, la pili huvuta. Siku hiyo Jeptoo alipata magari mawili na madereva wawili, na kama Mungu ana mzaha, ndio huo: wa kwanza alikuwa Dedan, wa pili alikuwa Joram, Mganda wa Mbale, na wawili hao walikuwa hawajasalimiana kwa miaka mitano. Magari yote mawili yalikuwa yakinguruma. Lililobaki ni moja tu, nani atangulie.

Dedan alikuwa amevaa kofia yake. Habari yake yote, ukitaka, ilianzia kwenye kofia.

Alizaliwa Ol Kalou, kwenye baridi na viazi. Ujana wake aliumalizia juu ya malori ya viazi, kwanza utingo, kisha dereva, akijifunza kuendesha katika tope jeusi linaloshika gari kama mkopo wa ndugu. Mwaka 2006, Doha ilipokuwa inatafuta mabawabu kwa ajili ya michezo ya Asia, alikuja akasimama mlangoni mwa jengo moja refu, akiwafungulia watu ambao hawakuwahi kumtazama. Baadaye alipata kazi ya kupeleka majani kwenye zizi la ngamia huko Umm Salal. Kutoka hapo, kwa kuwa sasa alikuwa mtu aliyewahi kuonekana karibu na ngamia, kambi moja ya watalii ilimwajiri kuendesha wageni kwenye matuta ya mchanga.

Huko ndiko alikokutana na mzee mmoja Mmarekani mwenye masharubu, aliyemkuta juu ya tuta amekinga macho kwa mkono akitafuta mtandao wa simu. Mzee alivutiwa. Alimweleza kwamba zamani, mipakani mwa nchi yao, walikuwako watu wa namna hiyo, maskauti, waliotangulia mbele ya misafara na majeshi wakisoma nyayo na moshi. Kisha, mzee akaendelea, walipozeeka walijisimulia mno, na wengine wakawasimulia zaidi, hata leo vitabu vinabishana: huyu alikuwa shujaa au mwongo, aliongoza msafara au aliupoteza? Dedan alisikiliza kwa makini nusu ya kwanza. Mzee aliposhuka alisahau kofia yake ya ngozi, yenye ukingo mpana na kamba ya kidevuni. Dedan hakuona kuwa imesahauliwa. Aliona ametawazwa.

Tangu hapo akawa Skauti. Akafuga ndevu. Akasema kwamba kabla ya Doha alikuwa askari wa wanyamapori Tsavo. Na kila Ijumaa baada ya ibada, katika nyumba za mtaa wa Fereej Bin Mahmoud ambako Wakenya hukusanyika kula ugali na kusengenya, alisimulia habari ya mwaka 2009. Upepo wa shamali uliwazika wageni watatu mahali pasipojulikana, naye akaingia peke yake, gari moja, akaliacha gari, akafuata nyayo za ngamia kwa miguu mpaka akawafikia. "Ngamia hapotei," alikuwa akimalizia, akishusha kofia kidogo. "Ukipotea, acha chuma, mfuate ngamia."

Collins alikuwa akiisikiliza habari hiyo kila mara kana kwamba ni mpya. Yeye alikuwa dereva wa familia moja huko Muaither, kazi ya kupeleka watoto shule na mama sokoni, na alitamani kuwa dereva wa matuta kama watu watamanivyo kuwa marubani. Juma lililofuata alikuwa afanyiwe majaribio na kambi ile ile. Ijumaa hiyo akaazima Pajero kuukuu kwa rafiki, akamwambia mkewe anakwenda kuosha gari, akaenda kufanya mazoezi. Peke yake. Gari moja.

"Alisema nini mara ya mwisho?" Joram aliuliza. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kamba ya kuvutia magari iliyozungushwa begani.

"Alipiga saa sita," Jeptoo alisema. "Alikuwa anacheka. Akasema ametoka kwenye mchanga, yuko kwenye ardhi ngumu, nyeupe, tambarare kama uwanja wa ndege, na maji anayaona kwa mbali. Halafu akasema, 'Ngoja, gari limekaa.' Ikakatika."

Dedan akaishusha kofia, si kidogo kama siku zote, bali mpaka kwenye nyusi.

Joram akacheka kicheko kisicho na furaha. "Aa, ardhi nyeupe! Mwambie, Skauti. Mwambie sista hiyo ardhi nyeupe iko wapi."

"Sijui unaongea nini."

"Hajui! Basi mimi ndiye najua? Mimi nilikuja na kamba tu, ssebo, bwana wewe. Wewe ndiye uliingia."

Madereva wengine wa Kenya waliokuwa wakijaza matairi walisogea. Wengine walikuwa wa timu ya Skauti tangu zamani.

"Joram, na wivu wako," mmoja akasema. "Leo pia?"

"Joram," Jeptoo alisema, "ongea kama mtu mzima, na uongee haraka."

Joram akaongea. Wageni watatu wa mwaka 2009 hawakupotea wenyewe. Aliyewapoteza ni Dedan. Alitoka kwenye msafara wa magari mawili akitaka njia ya mkato, akaingia kwenye ardhi nyeupe karibu na Khor al-Adaid, kule bahari inakoingia jangwani, na gari likazama mpaka milangoni. Joram, dereva wa gari la pili, ndiye aliyewatafuta, pamoja na mzee mmoja Mwarabu mwenye ngamia zake. Waliwakuta kesho yake asubuhi. "Na huyu simba wa Tsavo," Joram akasema, "alikuwa analia. Nilimpa maji kwa mkono wangu. Wiki inayofuata nasikia kwamba yeye ndiye aliokoa watu, na mimi sipo! Hata kamba yangu haipo!"

Yule wa timu ya Skauti akamtazama Skauti, akarudi kwenye tairi lake.

"Unaweza kunipeleka mahali hapo?" Jeptoo akamuuliza Joram.

Ilionekana kwamba Joram alikuwa amelingojea swali lolote isipokuwa hilo. Akahamisha kamba begani. "Nnyabo, dada yangu, sisi tulifika kwa upande ule wa pili, mzee wa ngamia akiwa mbele. Na vumbi kama hili siwezi. Ukitaka njia ya mtu anayekosea, anayo yeye aliyekosea."

Basi wote wakamgeukia Dedan. Jeptoo aliiona hesabu ikipita usoni mwake, na hakuwa na muda wa kumhurumia. Akitangulia moja kwa moja hadi ardhi nyeupe, mbele ya watu hawa, atakuwa ametia sahihi kwenye habari ya Joram. Akisema hakuna mahali kama hapo, atabaki na kofia yake, na magari yatafuata ufukwe pamoja na doria, yakimtafuta Collins mahali asipokuwapo.

"Baba Mwaura," alimwita kwa jina la mtoto wake, jina ambalo hakuna aliyelitumia Doha. "Mficha uchi hazai. Mahali hapo papo, au hapapo?"

Upepo ulipeperusha mfuko wa plastiki, ukanasa kwenye kioo cha gari. Dedan aliutazama mfuko ule kama kitu cha maana.

"Papo," alisema. Kisha, bila kumtazama mtu: "Punguzeni upepo wa matairi. Mimi mbele."

Hakuna aliyeshangilia wala kuzomea.

Jeptoo alipanda gari la Dedan, sanduku la barafu miguuni. Joram akafuata, taa zikiwaka. Gari lilipanda matuta likipiga kelele, likashuka kiubavuubavu. Dedan aliendesha vizuri; hilo hata Joram hakuwahi kulikana. Lakini mikono yake ilikuwa imekamata usukani kama mtu anayeogopa utamponyoka.

"Kwa nini aende huko?" Jeptoo aliuliza. "Kati ya jangwa lote hili?"

"Kwa sababu ni Mkenya." Dedan alipinda kulia, pasipokuwa na alama yoyote. "Nyinyi kwenu Kapsabet, mvua ikinyesha, gari linakwama wapi?"

"Penye tope. Penye weusi."

"Na ukitaka kupona unakimbilia wapi?"

"Penye weupe. Penye ukavu."

"Ndiyo. Sisi sote tumefundishwa na tope. Umechoka na mchanga, umeogopa, halafu unaona mbele peupe, pakavu, tambarare. Moyo unasema, asante Mungu, barabara." Akatema vumbi dirishani. "Ni ganda la chumvi. Chini yake uji. Waarabu wanapaita sabkha, hawapitii hata kwa kulipwa. Mimi niligeuka hapa hapa, karibu na hili tuta lenye mgongo. Na Collins atakuwa amegeuka hapa hapa."

Jeptoo aliitazama saa, akaacha kuitazama. Aliuliza swali alilolibeba tangu dukani. "Siku ile mlikaaje mpaka asubuhi? Watu hufa kwa kuliacha gari. Tunaletewa hao."

"Wageni walitaka kutembea. Yule mama hasa, alishavaa viatu." Dedan alibadilisha gia. "Nikawaambia nilikuwa askari Tsavo. Nikawaambia habari za simba. Simba huyu, simba yule, kila mmoja na jina lake. Mtu hawezi kuondoka kabla simba hajafa. Nikawashika hivyo mchana na usiku wote, ndani ya kivuli cha gari."

"Na Tsavo ulifanya kazi lini?"

"Tsavo sijawahi kufika."

Jeptoo karibu acheke. Kwa hiyo uongo wa siku ile ulikuwa dawa, na dawa nzuri. Kisha akaikumbuka habari nyingine, ile ya Ijumaa, ambayo Collins aliijua neno kwa neno.

"Katika ile unayowasimulia," alisema polepole, "mtu akipotea anafanya nini?"

Dedan alikanyaga mafuta. Gari lilipanda tuta, likasimama kileleni.

"Baba Mwaura. Anafanya nini?"

"Anaacha gari," Dedan alisema. "Anafuata ngamia."

Chini yao palikuwa na weupe, umetandazwa kama shuka la hospitali, na katikati ya weupe, ile Pajero, imezama magurudumu yote. Mlango wa dereva ulikuwa wazi.

Walishuka mbio kwa miguu. Jeptoo aliufikia mlango akijua tayari. Ndani kulikuwa na chupa tupu ya maji na simu iliyokufa. Kwenye ganda la chumvi nyayo zilikuwa wazi kabisa, mtu angeweza kusoma hata chapa ya raba: zilitoka kwenye mlango, zikaenda mpaka kwenye nyayo pana za ngamia, zikageuka, zikafuatana nazo kwa utiifu. Pale chumvi ilipoishia na mchanga kuanza, upepo ulikuwa umefuta kila kitu.

Dedan alisimama pale pale zilipofutika. Alichuchumaa kama alivyozoea kuchuchumaa mbele ya wageni, akagusa mchanga kwa vidole viwili. Joram alikuja akasimama nyuma yake akihema.

"Haya, Skauti," alisema. "Soma."

"Sioni kitu."

"Soma, wewe! Miaka mitano umesoma!"

"Sioni kitu, Joram!" Kofia ilipeperuka ikaning'inia mgongoni kwa kamba yake. "Sijui kusoma. Hata kule zizini Umm Salal nilikuwa napeleka majani tu. Nisaidie."

Joram alikuwa amelingojea neno hilo kwa miaka mitano, na lilipokuja halikumpa alichotarajia. Alimtazama Dedan, akamtazama Jeptoo, akatazama kule mchanga ulikokuwa ukifukiza moshi wa vumbi.

"Yule mzee wa ngamia alikuwa anatucheka," alisema mwishowe, sauti imeshuka. "Alisema watu wanadhani ngamia anakwenda mahali. Ngamia hana mahali. Anakula. Kichaka hiki, kichaka kile, anazunguka tuta, anarudi."

"Kwa hiyo na Collins amezunguka," Jeptoo alisema.

Hakuwangoja. Alilizunguka tuta kwa upande wa pili, kinyume cha nyayo, barafu imefungwa kwenye kitenge begani. Mchanga ulimvuta nyuma kila hatua. Aliita jina la mumewe na upepo ukalirudisha mdomoni. Vichaka vikavu vilikuwa vimetapakaa, na kila kimoja kwa mbali kilikuwa mtu. Cha kwanza kilikuwa kichaka. Cha pili kilikuwa kichaka. Halafu akawaona ngamia, watatu, wanatafuna, na mmoja wao ameinamisha shingo, anamtazama kwa dharau kitu kilicholala chini ya kichaka chake.

Collins alikuwa amelala kifudifudi. Kati yake na Pajero palikuwa na tuta moja tu. Alikuwa ametembea kwa saa kadhaa, karibu arudi alikotoka. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto kama sufuria. Jeptoo alipomgeuza, Collins alifumbua macho, akamwita mama yake kwa Kinandi, akataka kumpiga mkewe.

"Kivuli!" Jeptoo aliwapazia sauti wanaume waliokuwa wakimfuata nyuma. "Nipeni kivuli!"

Dedan na Joram walisimama bega kwa bega, migongo juani, wakatandaza koti la Joram juu yake. Jeptoo alikata shati kwa mkasi, akaweka barafu kwapani na kwenye mapaja, akamlowanisha mwili mzima, akampepea kwa kitu cha kwanza kilichomfika mkononi, nacho kilikuwa kofia ya Dedan. Maji hakumpa, mtu asiyejua alipo hunywa kwa mapafu. Alipepea mpaka mkono ukafa ganzi, akaendelea na mwingine. Joram alipanda tuta akapata mtandao, akawaambia polisi mahali walipo.

Kwa muda mrefu hakuna kilichobadilika. Kisha Collins akatapika, na muuguzi peke yake ndiye angefurahi vile kuona matapishi.

"Jeptoo," alisema. "Nilifuata ngamia."

Dedan akageuza uso upande wa pili.

Gari la wagonjwa liliwapokea kabla ya magharibi. Figo za Collins zilisumbua siku kadhaa, kisha zikakubali. Majaribio ya kambi yalimpita. Pajero ilivutwa baadaye, imeliwa na chumvi, na rafiki mwenye nayo akajua bei ya ukarimu.

Ijumaa ya kwanza Collins alipoweza kutoka, Fereej Bin Mahmoud ilijaa. Alisimama mwenyewe kusimulia, mwembamba, macho yanang'aa. Kwa maneno yake, Skauti alinusa njia katika vumbi ambalo ndege ilishindwa, akaenda moja kwa moja, bila kusita, kwenye gari lililofichwa na jangwa. Watu waliguna kwa raha. Jeptoo, aliyekuwa akipakua mboga, alimtazama Dedan.

Dedan alisimama. Kofia alikuwa ameishika mkononi.

"Si hivyo," alisema. "Nilijua mahali pale kwa sababu mimi mwenyewe nilikwama pale mwaka 2009. Wageni niliwapoteza mimi. Joram huyu ndiye alinitoa, nikilia. Nyayo sijui kusoma. Collins aliacha gari kwa sababu ya uongo wangu, akakaribia kufa. Ukikwama, kaa na gari. Ngamia haendi popote, anakula."

Mtu mmoja karibu na mlango akapumua.

"Manze," alisema, "huyu jamaa ni mnyenyekevu aje!"

Makofi yakalipuka. Collins ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi. Joram, aliyealikwa siku hiyo kwa mara ya kwanza, aliruka kutoka kitini. "Anasema kweli! Sikilizeni, ni kweli yote!"

"Kaa chini, Joram," wakamwambia. "Hata akijishusha bado unamwonea wivu?"

Joram alikaa, mdomo wazi. Dedan alikaa kando yake. Alimsogezea sahani ya nyama, na Joram, baada ya kuitazama, alichukua pande kubwa.

Nyumbani, Jeptoo alimwekea mumewe maji mezani akasimama mpaka yakaisha.

"Siku nyingine ukikwama," alimuuliza, "utafanya nini?"

"Nitakaa na gari," Collins alijibu bila kufikiri. "Mpaka waje."

"Na mimi nilikwambia hivyo hospitalini, ukasema naogopa ogopa. Nani amekubadilisha?"

"Si Skauti amesema," Collins alisema, akimshangaa mkewe kwa kuuliza jambo lililo wazi.

Jeptoo alifungua mdomo kumsahihisha. Kisha akaushika mkono wake, akahesabu mapigo, akayakuta sawasawa, akauacha.